Mwana anaposhukiwa kuua, mzazi ashike njia ipi?

Wahenga walinena kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Methali hiyo hutajwa sana mwana anapougua, anapopotea au anapofariki. Ni nadra kuisikia pale mwana mwenyewe anaposhukiwa kumtoa uhai mwana wa mtu mwingine. Hata hivyo, hapo ndipo uchungu huo huwa mtihani mkubwa zaidi, kwani mzazi wa mshukiwa hulia huku mzazi wa marehemu naye akilia, na aghalabu wote wawili huwa wakazi wa mtaa mmoja.

Katika mtaa wa Frere Town, ng'ambo ya daraja la Nyali upande wa bara ya Mombasa, mtihani huo si wa kufikirika. Kwa miaka kadhaa, maeneo ya Kisauni na viunga vyake yamehangaishwa na magenge ya vijana wenye visu na mapanga, yakiwemo yale yaliyojiita Wakali Kwanza na Wakali Wao. Wengi wa waliotajwa kuwa wafuasi wa magenge hayo ni vijana wadogo ambao bado wanalala chini ya paa la wazazi wao. Kila mauaji yanapotokea, macho ya majirani hugeukia nyumba fulani, na mama wa nyumba hiyo huwa wa mwisho kuambiwa.

Frere Town ina historia yake kuhusu hofu ya mzazi. Mtaa huo ulianzishwa katika miaka ya 1870 na wamishenari wa Kianglikana kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, ukapewa jina la Mwingereza Sir Bartle Frere. Kwa mujibu wa masimulizi, kengele iliyoupa mtaa wa Kengeleni jina lake ililizwa kuwatahadharisha wakazi kila wafanyabiashara wa utumwa walipokaribia. Mzazi aliyeisikia alijua la kufanya: kuwakusanya watoto na kuwaweka mahali salama.

Hivi leo hakuna kengele inayomwelekeza mzazi makachero wanapobisha mlango usiku wa manane wakimtaka kijana wake kuhusiana na kifo cha mtu. Wengi huamua kwa pupa, na uamuzi wa saa chache za mwanzo huweza kuathiri kesi itakayodumu kwa miaka.

Kwa kawaida mzazi hujikuta mbele ya njia tatu. Ya kwanza ni kumficha kijana au kumtorosha kwa jamaa mbali na mji. Ya pili ni kumkana hadharani ili aibu isiiandame familia. Ya tatu ni kumpeleka mwenyewe kituoni. Njia ya kwanza huonekana kuwa ya upendo, ya pili ya heshima na ya tatu ya usaliti. Sheria, hata hivyo, haizitazami hivyo.

Kwa mujibu wa kanuni za adhabu za Kenya, mtu anayempokea au kumsaidia mwingine aepuke adhabu, ilhali akijua kwamba ametenda kosa, naye huwa ametenda kosa. Sheria hiyo imewaondolea lawama mume anayemsitiri mkewe na mke anayemsitiri mumewe. Haikumtaja mama wala baba. Mzazi anayemlipia mwanawe nauli ya kutoroka huku akijua alilolitenda anaweza kusimama kizimbani pamoja naye. Fauka ya hayo, kutoroka kwenyewe huja kutajwa na upande wa mashtaka wakati wa kupinga dhamana, kwa hoja kwamba aliyetoroka mara moja atatoroka tena.

Iwapo ndivyo ilivyo, mbona wazazi wengi wa Pwani wanasita kuwapeleka wana wao kituoni? Jibu halitokani na ukaidi. Mwaka wa 2013 shirika la kutetea haki la MUHURI la Mombasa, likishirikiana na shirika moja la kimataifa, lilitoa ripoti kuhusu mateso na mauaji yaliyohusishwa na polisi wa kupambana na ugaidi. Kichwa cha ripoti hiyo kilikuwa na maana ya "tumechoka kukupeleka mahakamani". Miaka 3 baadaye, shirika la Haki Afrika liliorodhesha visa 81 vya mauaji na kutoweka kwa watu katika eneo la Pwani kati ya 2012 na 2016. Ripoti hiyo nayo iliuliza swali katika kichwa chake: familia tuziambie nini?

Hofu hiyo haiwabagui maskini pekee. Mnamo Mei 2012, kijana Mwingereza Alexander Monson, mwana wa Lord Monson, alikamatwa Diani kwa madai ya kuvuta bangi na akafariki akiwa mikononi mwa polisi. Wazazi wake hawakukubali maelezo waliyopewa. Walidai uchunguzi, wakasubiri, na hatimaye mnamo Novemba 2021 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwapata maafisa 4 wa polisi na hatia ya kuua bila kukusudia. Ikiwa mwana wa bwanyenye alihitaji miaka 9 kupata jibu, mzazi wa Frere Town asiye na jina wala fedha ana sababu ya kujiuliza mara mbili kabla ya kumkabidhi mwanawe.

Mawakili nao hawako salama. Mnamo Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitekwa nyara baada ya kutoka mahakamani Mavoko, wakauawa. Mwenda alikuwa amemlalamikia afisa wa polisi aliyempiga risasi. Mwaka wa 2022 Mahakama Kuu iliwapata afisa huyo, wenzake wawili wa polisi na raia mmoja na hatia ya mauaji hayo.

Pamoja na hayo yote, kumficha kijana hakumwondolei hatari. Kijana anayesakwa vichochoroni usiku, bila shahidi wala daftari, ndiye aliye hatarini zaidi kuliko yule aliyeingia kituoni mchana akiwa na wakili, mzazi na mzee wa mtaa. Namba ya OB, jina la afisa aliyempokea na saa aliyopokelewa ni vitu vidogo kwenye karatasi, lakini humfanya kijana kuwa mtu anayejulikana aliko na ambaye lazima mtu fulani amtolee hesabu. Kwa sababu hiyo, wakili wa kesi za jinai anapopigiwa simu na mzazi aliyechanganyikiwa, mara nyingi swali lake la kwanza si iwapo kijana aliua. Huuliza yuko wapi, yuko na nani na amesema nini.

Katiba ya 2010 ilimpa wakili huyo silaha ambazo hazikuwepo awali. Chini ya Katiba ya zamani, mshukiwa wa kosa la kunyongwa aliweza kuzuiliwa kwa siku 14 kabla ya kufikishwa kortini, na mshtakiwa wa mauaji hakupewa dhamana. Sasa kifungu cha 49 kinataka mshukiwa aelezwe kwa lugha anayoielewa sababu ya kukamatwa, aruhusiwe kunyamaza, awasiliane na wakili, asilazimishwe kukiri, na afikishwe mahakamani katika muda wa saa 24, au siku ya kwanza ya kazi ya mahakama iwapo saa hizo zitamalizika wakati mahakama imefungwa. Polisi wanaohitaji muda zaidi hulazimika kumwomba hakimu, na hapo wakili hupata nafasi ya kuuliza sababu.

Sheria ya ushahidi nayo inaeleza kwamba mtu hawezi kufungwa kwa ungamo alilolitoa katika seli mbele ya mpelelezi wake. Ungamo hukubalika likitolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi mwenye cheo ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na mbele ya afisa huyo lazima awepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Mara nyingi mtu huyo wa tatu huwa ni mzazi, na hapo ndipo linapojitokeza kosa linalotendwa na wazazi wengi wema.

Mama akiitwa kituoni, aghalabu humshika mwanawe mkono akamsihi kwa machozi aseme ukweli wote ili mambo yaishe. Hafahamu kwamba mambo hayaishi hapo, bali ndipo yanapoanza. Kijana aliyekuwa na haki ya kunyamaza hadi wakili afike, husema yote ili mama aache kulia, yakiwemo asiyoyajua vyema na yale anayodhani maafisa wanataka kuyasikia. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, lakini katika chumba cha mahojiano, mwana anayechelea kilio cha mamaye ndiye huja kulia baadaye.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wachache wanalifahamu. Yale ambayo mteja humwambia wakili wake kwa ajili ya utetezi yamelindwa na sheria, na wakili haruhusiwi kuyatoa bila idhini yake, isipokuwa yawe yanahusu njama ya kutenda uhalifu. Mume na mke nao wana kinga fulani ya kutolazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya mwenzao. Baba na mama hawana kinga hiyo. Kijana akimnong'oneza mamaye alilolitenda, mama huyo anaweza kuitwa kortini, akaapishwa na kutakiwa arudie maneno hayo mbele ya jaji.

Kwa hivyo mzazi anayemwuliza mwanawe, "Je, ni wewe uliyemuua?" hujitwika mzigo ambao hataweza kuutua. Akijibiwa ndiyo, amekuwa shahidi. Akijibiwa la, ataishi na shaka. Swali hilo ni la wakili, kwa kuwa sheria imempa yeye sikio ambalo haikumpa mzazi. Wapo watakaosema huo ni ujanja wa kuwakinga wahalifu. La hasha. Mfumo unaomhukumu mtu kifo hauna budi kumpa japo mtu mmoja anayeweza kumweleza ukweli bila hofu, ili utetezi utakaotolewa uwe na msingi.

Swali linalofuata ni la fedha. Kesi ya mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, na wazazi wengi huamini kwamba bila kuuza kila walicho nacho, mwana wao hatakuwa na mtetezi. Hata hivyo, kifungu cha 50 cha Katiba kinamtaka mshtakiwa apewe wakili kwa gharama ya serikali pale ambapo angedhulumika pakubwa kwa kumkosa, na katika kesi za mauaji mahakama huteua wakili kwa asiyejiweza. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliongezea nguvu haki hiyo. Udhaifu ni kwamba uteuzi huo aghalabu hufanyika mshtakiwa anapofikishwa Mahakama Kuu, ilhali siku za mwanzo katika kituo cha polisi, ambazo ndizo za hatari zaidi, hupita akiwa peke yake.

Dhamana nayo ni haki, isipokuwa pawe na sababu nzito za kuizuia. Hata hivyo, mahakama ikitaka mdhamini aweke hati ya ardhi, mkazi wa bara ya Mombasa aliyejenga katika shamba lisilo na hati, ambalo babake na babu yake waliishi, huwa hana cha kuweka mezani. Kijana wake hubaki rumande katika gereza la Shimo la Tewa, naye mama hupanda matatu siku za kuwatembelea mahabusu akiwa na sabuni na dawa ya meno.

Wakenya waliiona tofauti hiyo ya uwezo katika kesi ya Tom Cholmondeley, mwana wa Lord Delamere. Mnamo Aprili 2005 alimuua kwa risasi mlinzi wa wanyamapori, Samson ole Sisina, na Mkuu wa Sheria wa wakati huo, Amos Wako, akaifuta kesi. Mwaka mmoja baadaye, Mei 2006, mwashi Robert Njoya aliuawa kwa risasi katika shamba lilo hilo la Soysambu. Akitetewa na wakili Fred Ojiambo, Cholmondeley aliwekwa rumande kwa miaka 3 kabla ya Jaji Muga Apondi, mwaka wa 2009, kumpata na hatia ya kuua bila kukusudia na kumfunga miezi 8. Wengi walighadhabishwa na wepesi wa adhabu hiyo. Yafaa ikumbukwe pia kwamba katika enzi hizo hata mwana wa ukoo huo hakupata dhamana.

Tofauti kati ya kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia ndiyo uwanja mkuu wa wakili, na Mombasa inaikumbuka tofauti hiyo kwa uchungu. Mwaka wa 1980 baharia Mmarekani Frank Sundstrom alimuua Monica Njeri mjini humo. Alikiri kosa la kuua bila kukusudia, na Jaji Leslie Harris akamwachilia kwa dhamana ya Sh500 na sharti la kuwa na mwenendo mwema kwa miaka 2. Nchi nzima ilipiga kelele. Kisa hicho kinaonyesha kwamba sheria ile ile inayoweza kumwokoa kijana aliyeua katika ugomvi wa ghafla, inaweza kumdunisha marehemu ikitumiwa bila uzani.

Mzazi ana mchango mkubwa hapa kuliko anavyodhani, nao huanza na cheti cha kuzaliwa. Sheria ya Kenya hairuhusu hukumu ya kifo kutolewa kwa mtu aliyekuwa chini ya umri wa miaka 18 alipotenda kosa, na Sheria ya Watoto ya 2022 inampa mtoto ulinzi wa ziada. Katika mitaa ambako vijana wa miaka 16 na 17 hukamatwa pamoja na watu wazima, karatasi hiyo iliyo ndani ya sanduku la mama huweza kuwa na uzito kuliko hotuba ya wakili. Nchini Tanzania, umri wa mwigizaji Elizabeth Michael, maarufu kama Lulu, ulizua mvutano mkali wa mawakili mahakamani alipokabiliwa na kesi ya kifo cha mwigizaji Steven Kanumba mwaka wa 2012.

Mchango wa pili huja wakati wa hukumu. Mnamo Julai 2010, Mahakama ya Rufaa ikiketi papa hapa Mombasa, katika rufaa ya Godfrey Ngotho Mutiso, iliamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila aliyepatikana na hatia ya mauaji ni kinyume cha Katiba. Baada ya majaji wengine wa rufaa kuupinga msimamo huo mwaka wa 2013, Mahakama ya Juu iliumaliza utata mnamo Desemba 14, 2017 katika kesi ya Francis Muruatetu. Tangu hapo jaji hana budi kusikiliza maisha ya mshtakiwa kabla ya kutoa adhabu: alilelewa vipi, alitenda kosa katika hali gani, anajutia au la. Afisa wa probesheni hufika nyumbani, akazungumza na wazazi, majirani na familia ya marehemu. Mzazi aliyemkana mwanawe siku ya kwanza huwa hana la kusema siku hiyo.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba adhabu ya kifo imefutwa. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, na wafungwa waliohukumiwa kifo walibadilishiwa adhabu kwa maelfu mwaka wa 2009 na tena 2016. Lakini mnamo Machi 13, 2024, Jaji Grace Nzioka alimhukumu kifo Joseph Irungu, maarufu kama Jowie, kwa mauaji ya mfanyabiashara Monica Kimani yaliyotokea Nairobi mwaka wa 2018. Irungu alikuwa amenyimwa dhamana mwanzoni, akaipata 2020, akahudhuria kesi hadi mwisho. Mwandani wake wa zamani, mwanahabari Jacque Maribe, aliachiliwa huru katika kesi iyo hiyo. Familia mbili zilizungumzwa na taifa zima kwa zaidi ya miaka 5, na sheria ikazitenganisha kwa kupima ushahidi wa kila mmoja kivyake.

Hapana budi kumtaja pia mzazi ambaye mara nyingi husahaulika: yule aliyezika. Mjadala kuhusu haki za mshukiwa humfikia kama tusi, hasa akiona mshtakiwa amerejea mtaani kwa dhamana. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 ilimpa nafasi ya kusikizwa, lakini ni wachache wanaoelezwa kuihusu.

Wako wanaopendelea wazee wa pande mbili wakutane na kuyamaliza. Mwaka wa 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikubali kuondolewa kwa shtaka la mauaji dhidi ya Mohamed Abdow Mohamed baada ya familia mbili kupatana kwa fidia kulingana na mila na dini yao. Uamuzi huo ulizua ubishi mkubwa miongoni mwa wanasheria. Mazungumzo ya familia yanaweza kuzuia visasi na kurejesha salamu kati ya majirani, lakini yakiachwa yachukue nafasi ya mahakama, maisha ya mtu yatakuwa na bei, na mwenye uwezo ndiye atakayeweza kuilipa. La busara ni wazazi wa mshukiwa kwenda kuhani matangani, au kumtuma mzee iwapo kwenda wenyewe kutazua fujo, bila kukiri wala kukana chochote. Pole haimtii mtu hatiani.

Kwa muhtasari, mzazi anayempenda mwanawe hapaswi kuwa mpelelezi wake, wala hakimu, wala mfichaji. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kijana anafika mbele ya sheria akiwa hai, akiwa na wakili na akiwa na cheti chake mkononi. Kisha kukaa kwenye benchi la mahakama kila kesi inapotajwa, hata kama moyoni ana shaka. Kumsindikiza si kumtetea aliyoyatenda.

Lakini serikali nayo ina deni. Mara kwa mara viongozi wa usalama huwahimiza wazazi wa Kisauni wawasalimishe wana wao. Wito huo utakuwa na uzito siku ambayo mama wa Frere Town atamwacha mwanawe kituoni jioni akiwa na hakika kwamba atamkuta kesho yake, akivuka daraja la Nyali, amesimama kizimbani. Bila hakika hiyo, kesi haitasikizwa, na hata mzazi wa marehemu hatajua kamwe ni nani aliyemuua mwanawe.